TAHADHARI: Siku Sita za Biharamulo

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kwamba limepata taarifa za watu 9 wanaohisiwa kuugua Marburg mkoani Kagera, katika wilaya za Biharamulo na Muleba, na kwamba 8 kati yao wamekwisha kufa. Kesho yake, Jumatano, Wizara ya Afya ikatoa taarifa kwa umma: sampuli zimepimwa, hakuna aliyekutwa na virusi vya Marburg. Jumatatu ya tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa WHO, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika.

Kutoka tarehe 14 hadi 20 ni siku sita. Mlipuko ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilisimama kwa watu 10. Wote 10 walikufa, na 8 kati yao walikufa kabla maabara haijathibitisha kilichokuwa kinawaua. Mgonjwa wa kwanza anayefahamika alikuwa ameanza kuumwa Desemba 2024. Siku sita tunazozihesabu hapa, basi, zilikuwa mkia tu wa kimya kirefu zaidi.

Tulinusurika. Mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, wenye malori yanayokesha barabarani kwenda Rusumo na Mutukula na mitumbwi inayovuka ziwa kila alfajiri, haukuusambaza ugonjwa ule mbali. Sifa ziwaendee wahudumu waliofuatilia watu 281 waliotangamana na wagonjwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa bahati, na bahati haiwekwi kwenye bajeti. Kwa hiyo tahadhari hii inaandikwa mapema, kabla ya mlipuko ujao, kwa kuwa ukishaingia hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuisoma.

Na unakuja. Popo wa matunda anayebeba virusi vya Marburg analala mapangoni kote katika ukanda huu, na mipaka yetu haimhusu. Machi 2023 ilikuwa Bukoba Vijijini. Septemba 2024, Rwanda. Januari 2025, Biharamulo, na mwezi huohuo Ebola aina ya Sudan ikaibuka Kampala, ambako muuguzi wa Hospitali ya Mulago ndiye aliyetangulia kufa. Septemba 2025, Ebola huko Kasai, Kongo. Novemba 2025, Marburg tena, safari hii Jinka, kusini mwa Ethiopia. Yote hayo ndani ya miaka isiyotimia mitatu.

Lakini mimi sitahadharishi kuhusu popo. Natahadharisha kuhusu kitu ambacho hakuna maabara inayokipima: mkazi wa Nyakanazi akiambiwa kesho kwamba kuna ugonjwa, ataamini? Na akiambiwa hakuna, ataamini? Serikali ikikanusha Jumatano na kuthibitisha Jumatatu, inaharibu majibu yote mawili kwa mpigo mmoja. Kukanusha kwake hakutulizi tena watu, na kuthibitisha kwake kunaonekana kama kumekubaliwa kwa shingo upande kwa sababu mgeni kutoka Geneva amekuja.

Tuitendee Wizara haki. Inawezekana kabisa sampuli zilizopimwa mpaka tarehe 15 zilikuwa safi kweli. Mgonjwa anaweza kupimwa mapema mno, kabla virusi havijaonekana kwenye damu. Waliokufa wanaweza kuwa wamezikwa bila kuchukuliwa chochote, na waliobaki kupimwa wakawa ni watu wenye malaria tu. Hapo hakuna uongo. Kosa liko katika umbali uliopo kati ya sampuli chache zisizo na virusi na tamko kwamba nchi haina ugonjwa. Taarifa ya kweli ingesema: watu kadhaa wamekufa Biharamulo na Muleba kwa dalili zinazotisha, tuliowapima hawana Marburg, tunaendelea kupima, mpaka tutakapowaambia vingine, msioshe maiti na msimguse mgonjwa anayetapika au kutokwa damu. Maneno hayo yasingemdanganya mtu, yasingetaja jina la virusi ambavyo havijathibitika, na yangeokoa watu hata kama baadaye ingegundulika kwamba ni ugonjwa mwingine kabisa.

Wizara hiihii inajua kufanya hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi. Julai 2022 watu waliugua ghafla mkoani Lindi, wakitokwa damu puani, wakiwa na homa na uchovu, na watatu wakafa. Mganga Mkuu wa Serikali alijitokeza akasema wazi kwamba kuna ugonjwa ambao bado haujulikani na wataalamu wako njiani. Siku chache baadaye ikajulikana kuwa ni leptospirosisi, na ndipo nchi nzima ikajifunza jina la homa ya mgunda. Hakuna soko lililofungwa. Hakuna aliyekimbia Lindi.

Machi 2023 ikawa vivyo hivyo Kagera. Tarehe 16 Mganga Mkuu wa Serikali, Tumaini Nagu, alitangaza kwamba Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiofahamika uliokwisha kuua watu watano, na kwamba kikosi cha dharura kimetumwa. Hakuwa na jibu la maabara mkononi. Alikuwa na vifo, dalili na majina ya vijiji, akavitoa. Tarehe 21 Waziri Ummy Mwalimu akathibitisha kwamba ni Marburg, mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Siku tano za katikati hazikuwa za kimya: watu wa kata za Maruku na Kanyangereko walikuwa wamekwisha kuambiwa wakae mbali na nini. Mlipuko ule uliishia kwa wagonjwa 9 na vifo 6, ukafungwa tarehe 2 Juni. Mkoa ni uleule, ugonjwa ni uleule, wizara ni ileile. Kati ya 2023 na 2025 utaalamu haukupungua. Kilichobadilika ni uamuzi wa kusema au kutosema kabla ya uhakika.

Sasa tazama siku sita zinavyokaa kijijini. Marburg haisambai kwa hewa kama mafua. Inapita kwenye damu, matapishi, kinyesi, jasho, na zaidi ya yote kwenye maiti. Mtu aliyeipata anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili. Mama anakufa kwa homa kali. Wanawake wa ukoo wanamwosha. Ndugu wanapanda mabasi kutoka Mwanza, Kahama na Dar es Salaam kuja msibani, wanalala pamoja, wanapeana mikono, wanagawana nguo za marehemu, wanarudi makwao. Wakati wa kuwazuia ni kabla ya matanga kuanuliwa. Ukiwaambia wiki moja baadaye, unachofanya ni kuwasaka mikoani kwa namba za simu.

Halafu kuna muuguzi wa zahanati. Huyu ndiye wa kwanza kulipa. Anayo boksi moja la glavu ambalo ameambiwa alitunze. Akisoma kwamba Wizara imethibitisha hakuna Marburg, atamtundikia dripu mgonjwa wa homa kama anavyowatundikia wote, kwa sababu huko homa nyingi ni malaria na kazi ni nyingi. Rwanda, katika mlipuko wa 2024, wengi mno kati ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, takriban wanane katika kila kumi. Kukanusha kwa haraka humvua muuguzi kinga kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ila methali hiyo inamsema mgonjwa anayejificha mwenyewe. Haimfikii ofisa anayeficha maradhi ya watu wengine, ambaye kilio kikija kitaangukia nyumba asiyoijua.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufafanuliwa sana habari ya 2020, lakini itatubidi tupite huko kwa sababu deni la leo lilikopwa wakati ule. Mapema Mei 2020 takwimu za korona ziligota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Hazikusogea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukifungua jedwali lolote la dunia, nchi nyingine zilipanda na kushuka, Tanzania ilibaki 509. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alisema kutoka Chato kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu na baadhi zikarudi zikiwa na virusi. Wakuu wa maabara wakasimamishwa kazi. Juni nchi ikatangaziwa kwamba haina korona tena.

Kilichofuata kila mtu alikiona na wachache walikitaja. Mapema 2021 misiba ilifuatana, na kwenye matangazo ya vifo watu walikuwa wanakufa kwa changamoto ya upumuaji. Nyungu zilifukizwa mpaka hospitalini. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar; chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimetamka wazi wiki kadhaa nyuma kwamba ana korona, jambo ambalo chombo chochote cha dola hakikuthubutu kulisema juu ya mtu yeyote. Siku hiyohiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha, Philip Mpango, aliletwa mbele ya waandishi nje ya hospitali Dodoma ili kuonyesha kwamba uvumi wa kifo chake ni uzushi, akawa anakohoa na kuishiwa pumzi mbele ya kamera. Aliyepanga kikao kile alitaka kuzima tetesi. Sijui kama kuna picha moja iliyozichochea tetesi kuliko ile.

Watu wasiposema, wengine huhesabu kwa namna yao. Mapema Machi 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilieleza kwamba ndani ya miezi miwili limepoteza mapadri zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60. Kabla ya hapo Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, ilitoa hesabu yake: asilimia 18 ya wasafiri waliofika kutoka Tanzania walikutwa na korona. Kwa hiyo Mzanzibari wa Muscat aliijua hali ya nyumbani kupitia wizara ya afya ya Oman. Na walioamini kwamba kimya kinalinda safari za ndege na utalii wajiulize kimya hicho kilimlinda nani kwenye uwanja wa ndege.

Deni lenyewe lilianza kudaiwa Julai 2021. Serikali mpya ilikuwa imeunda kamati ya wataalamu, imerudi kushirikiana na WHO, imepokea dozi 1,058,400 za chanjo, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Yote yalikuwa mambo sahihi. Lakini miezi sita nyuma, Januari, mtangulizi wake, Magufuli, alikuwa ameziambia redio zilezile kwamba chanjo hizo hazifai. Waziri wa Afya aliyekuwepo Februari, wakati tunaonyeshwa mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu na malimao, ndiye huyohuyo aliyekuwepo Julai wakati tunaambiwa tukachanjwe. Mwananchi aliuliza swali ambalo si la ujinga hata kidogo: lini mlikuwa mnasema kweli? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio walioachiwa kulijibu, nyumba kwa nyumba, kwa posho kiduchu.

Kama kuna anayedhani imani ikipotea inaweza kununuliwa kwa vifaa, aende Butembo. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, kwa watu wanaozungumza Kiswahili chetu hikihiki kwa lafudhi yao. Safari hii sayansi ilikuwa upande wetu: chanjo ilikuwepo na ilifanya kazi, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, magari yalikuwa mengi kuliko barabara. Na bado mlipuko ulichukua karibu miaka miwili, ukaacha wagonjwa 3,470 na maiti 2,287.

Wenyeji wa Beni na Butembo walikuwa wakiuawa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi bila kuona msafara wowote wa kuwaokoa. Ebola ilipokuja ikaja na fedha, mahema na wageni. Wakaiita biashara. Kisha Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo, ilhali makanisa na masoko yalikuwa yamejaa. Watu wakaingia barabarani, na kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni kikavamiwa. Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na WHO, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Watafiti waliowahoji wakazi wa miji hiyo miwili mwezi mmoja tu baada ya mlipuko kutangazwa walikuta mtu mmoja katika kila wanne anaamini Ebola haipo kabisa. Kabla ya risasi, kabla ya uchaguzi. Ukosefu wa imani haukuletwa na Ebola; Ebola iliukuta umeketi.

Ndiyo maana siku sita zetu zinanitisha kuliko idadi ya waliokufa ndani yake. Biharamulo si Butembo. Lakini nchi haifiki Butembo kwa siku moja. Inafika kwa taarifa moja ya kukanusha, kisha nyingine, kisha mtafiti mmoja kuondolewa ofisini. Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alieleza matokeo ya utafiti ulioonyesha dalili za virusi vya Zika kwenye baadhi ya sampuli nchini. Kesho yake uteuzi wake ukatenguliwa. WHO ilikuja kumpa uongozi wa idara yake ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko Geneva, lakini hapa nyumbani somo lilikuwa limeshaeleweka kwa kila anayeshika kipimo. Septemba 2019 WHO ikalalamika hadharani kwamba Tanzania haijaipa taarifa za kutosha kuhusu mgonjwa aliyehisiwa kufa kwa Ebola Dar es Salaam. Mei 2020, wakuu wa maabara. Ukiwa mtaalamu wa maabara Bukoba leo, na mashine inakuonyesha kitu usichotaka kukiona saa nne usiku, utampigia nani kwanza?

Rwanda ilimjibu mtu huyo kwa vitendo. Ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, Waziri wa Afya Sabin Nsanzimana akawa anakutana na waandishi kila wiki akitaja wagonjwa wapya, waliopona na waliokufa. Siku tisa baada ya kutangaza, wahudumu wa afya walianza kupewa chanjo ya majaribio. Wagonjwa 66, vifo 15, mlipuko ukafungwa tarehe 20 Desemba. Kwa ugonjwa ambao kwa kawaida huua karibu nusu ya unaowashika, na mara nyingine zaidi sana ya nusu, hayo ni matokeo ya kujivunia. Wala Rwanda si nchi ya kusifiwa kwa uhuru wa magazeti, na hapo pana jambo la kufikiria: kusema kweli kuhusu ugonjwa si anasa ya nchi zilizokwisha kumaliza mabishano yao ya demokrasia. Serikali yoyote inaweza kuamua.

Sitajifanya sioni hoja ya upande wa pili. Ukitangaza, unaadhibiwa. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walipoiarifu dunia kuhusu aina mpya ya korona, iliyopewa jina Omicron, nchi tajiri ziliwashukuru kwa kufunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika ndani ya siku chache. Rwanda nayo, pamoja na uwazi wake wote, Marekani iliwashauri raia wake wafikirie upya safari za kwenda huko. Waziri anayefikiria watalii wa Serengeti na wafanyabiashara wa kahawa wa Karagwe hana wazimu. Dhuluma hii ni ya kweli na inastahili kupigiwa kelele Geneva. Ila dawa yake haiwezi kuwa kumnyima mama wa Muleba habari ya kinachoiua familia yake ili hoteli ya Arusha isipoteze wageni. Na siri yenyewe haifichiki. Januari 2025 WHO ilizipata habari kutoka kwa watu waliomo humuhumu nchini.

Tatizo ni kwamba sheria zetu zimewekwa kuwanyamazisha watu haohao. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020, zilizotoka katikati ya korona, zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Fikiria maana yake kwa mwandishi wa redio ya jamii Ngara ambaye ameona mazishi matatu katika nyumba moja. Mamlaka haijasema, kwa hiyo hawezi kusema. Na mamlaka haitasema mpaka iwe na uhakika. Na uhakika utapatikana baada ya wiki. Nafasi hiyo haikai tupu. Inajazwa na sauti za WhatsApp za mtu asiyejulikana anayesema dawa ni chumvi na maji ya moto, kwamba wazungu wanachukua viungo, kwamba wagonjwa wanachomwa sindano wafe. Kanuni zinamfunga mdomo anayeweza kuulizwa jina lake, na zinamwacha huru asiye na jina.

Na imani tunayoizungumzia haiishi chumba peke yake. Nchi ambayo ilizimiwa intaneti tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na kukaa gizani siku kadhaa, ina watu waliojifunza kwamba taarifa zikikatika kuna jambo. Mlipuko ukitokea wiki mtandao unapoyumba, hata kwa hitilafu ya kawaida ya mkongo wa baharini, hakuna tamko la Wizara litakalowashawishi kwamba ni hitilafu.

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanywa sasa, na hayahitaji msaada wa mfadhili. Kifungu kile cha kanuni za maudhui ya mtandaoni kifutwe, au angalau kiandikwe upya ili kimlinde anayeripoti vifo alivyoviona kwa macho yake, kwa nia njema, hata kama baadaye itagundulika kuwa ni kipindupindu na si Marburg. Mganga mkuu wa wilaya apewe mamlaka ya kuwaonya watu wa wilaya yake siku ileile anayoona vifo visivyoelezeka, bila kusubiri Dodoma impigie. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo tumezikubali, zinaidai serikali iiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuvuka mipaka. Ni aibu kwamba Geneva ina haki ya saa 24 na Biharamulo haina hata ya siku sita.

Mtoa taarifa awe daktari na si msemaji wa siasa, awe mtu mmoja, kwa saa moja maalumu kila siku, hata siku ambayo hakuna jipya. Ataje kata, maana aliyeko Lusahunga hawezi kufanya chochote na neno Kagera tupu, na aliyeko Bukoba mjini atakimbia bila sababu. Akikosea leo, arudi kesho aseme jana nilikosea hapa. Madaktari wanaliogopa hilo la mwisho kuliko inavyostahili. Watu wetu wamezoea mganga anayejaribu dawa ya kwanza na ya pili. Hawajazoea anayedai kwamba ya kwanza ilikuwa ndiyo ya pili.

Glavu na barakoa zipelekwe zahanati za mpakani kabla ya tangazo, zikae hapo, ziharibike zikibidi. Mashehe, wachungaji na wazee wa ukoo wakubaliane na Wizara mapema, wakati hakuna maiti sebuleni, jinsi ya kumzika Mwislamu na Mkristo kwa heshima bila kumwosha. Mazungumzo hayo yakifanyika siku ya msiba, askari ndiye atakayeyamaliza, na Kongo imetuonyesha yanavyoisha.

Nawe msomaji usikae kusubiri serikali itengemae. Ukiona nyumba moja imepata vifo viwili vya homa ndani ya wiki mbili, au mgonjwa anatokwa damu puani, kwenye fizi au kwenye matapishi, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya; simu hiyo ni bure. Usimpakie mgonjwa bodaboda, usimwoshe maiti, usigawe nguo wala godoro lake. Sauti ya WhatsApp isiyotaja kijiji, tarehe wala jina la msemaji, ifute badala ya kuituma mbele. Na siku Wizara itakapotangaza tena kwamba hakuna ugonjwa, mwandishi aliyeketi mbele ya Waziri aulize, na asipouliza yeye mbunge wa eneo aulize: mmepima watu wangapi, mlichukua sampuli siku ya ngapi ya ugonjwa wao, na waliozikwa bila kupimwa ni akina nani?